Gemu Isiyosema "Tulia"
Mtoto wa sista ana miaka 9 na ADHD. Shuleni anaitwa msumbufu. Likizo hii tulicheza Just Dance, ile ya Wii iliyotoka 2009. Gemu yenyewe ina kasoro: inasoma tu mkono ulioshika rimoti. Unaweza kukaa kwenye kochi, upunge mkono, na upate alama. Mimi nilifanya hivyo. Yeye alikataa, alicheza na mwili mzima, kila wimbo hadi mwisho. Sitaiita dawa. Kesho yake kazi ya shule ilikuwa vita vilevile. Lakini mimi niliacha chuo nikijiambia siwezi kumaliza kitu, na hapo nilimwona akimaliza bila kuambiwa atulie. Kwa hilo, naisamehe kasoro yake.