Kadi Iliyorudi

Kadi ya Noeli na stempu ni ndugu. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kupeleka barua nyepesi kwa peni moja, nchi nzima. Na mwaka 1843 Henry Cole, aliyesaidia katika kazi hiyo, akatoa huko London kadi ya kwanza ya Noeli iliyouzwa. Basi kadi yaitegemea posta. Ikichelewa, salamu huwa kama chumvi iletwayo chakula kikiisha kuliwa.

Twalaumu pande mbili. Mwandishi asiyetaja nambari ya sanduku ajue ya kuwa Tanzania na Kenya barua nyingi hufika sandukuni, wala si mlangoni. Lakini twamlaumu zaidi karani airudishaye kadi pasipo kueleza sababu. Kanuni za Umoja wa Posta wa Dunia, ulioanzishwa Bern mwaka 1874, zataka sababu ionyeshwe: hajulikani, amehama, amekataa, au haikuchukuliwa. Kadi ikirudi kimya, aliyeiandika kwa mkono wake hudhani amekataliwa na nduguye, kumbe labda alikosea tarakimu moja tu. Karani mwema na aliandike neno hilo moja.