Kijani Kisikudanganye: Kuipima Skripti ya Majaribio kwa Jicho la Garissa

Mtu akitaka kukuuzia skripti zake za kujaribu tovuti, atakufungulia laptopu na kukuonyesha mistari ya kijani. Jaribio la kuingia limepita, la kujaza fomu limepita, la kulipa limepita, yote mia mbili na ushei yamepita. Usivutiwe haraka. Skripti isiyokagua chochote hupita kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Mnunuzi katika soko la mifugo la Garissa hanunui ng'ombe aliyelala: humwinua, humtembeza, humfungua kinywa na kutazama meno. Skripti nayo iinue. Haribu kitu kimoja ndani ya programu kwa makusudi, kisha uone kama italalamika.

Kwangu mimi kipimo hicho ndicho cha kwanza, na kina uzito kuliko vingine vyote vikijumlishwa. Mwombe mwenye kazi auzime mstari unaohifadhi ombi kwenye hifadhidata, lakini aache kitufe cha "Tuma" na ujumbe wa "Ombi lako limepokelewa" kama vilivyo. Endesha skripti. Ikipita, ujue ilikuwa ikisoma ujumbe tu. Na nyingi hupita, kwa sababu mwandishi wake alibofya hapa, akaandika pale, akabofya tena, ukurasa ukafunguka, akaridhika. Skripti ya fundi hurudi nyuma ya ule ujumbe: hufungua orodha ya maombi, hulitafuta lile lililotumwa sasa hivi, na kulilinganisha herufi kwa herufi na kilichoandikwa.

Baada ya hapo soma data aliyotumia. Ukikuta kila mwombaji ni mkazi wa Nairobi mwenye majina mawili, aliyezaliwa katikati ya mwaka na mwenye laini inayoanza na 07, umeshajua mwandishi alikuwa akimfikiria nani. Eneo la Kaskazini Mashariki ya Kenya ni jiwe zuri la kunolea skripti, maana mambo mengi ambayo programu huyachukulia kuwa ya kawaida, huku si ya kawaida.

Chukua namba za kaunti. Garissa ni 007, Wajir 008, Mandera 009, na jirani yao Marsabit 010. Baadhi ya lugha za kompyuta zina mazoea ya kale ya kuhesabu kwa msingi wa nane namba yoyote inayotanguliwa na sifuri. Bash hufanya hivyo hadi leo, na JavaScript katika vivinjari vya zamani ilifanya hivyo ilipogeuza maandishi kuwa namba, mpaka kanuni za mwaka 2009 zilipoiachisha. Sasa, katika hesabu ya nane hakuna tarakimu ya 8 wala ya 9. Kwa hiyo 007 hupita salama na kuwa 7. 008 na 009 hukataliwa au hugeuka sifuri. Na 010 huwa 8, yaani mtu wa Marsabit anahamishiwa Wajir bila hata kulipa nauli. Mjaribu aliyejaza Garissa peke yake hataona kosa lolote. Anayeijua kazi huzijaza zote nne, kisha hukagua kwamba kilichotunzwa ni 007 yenye sifuri zake mbili, si 7 tupu, kwa kuwa ripoti ikija kuunganishwa na nyingine yenye 007, watu wa 7 hawatalingana na safu yoyote na watadondoka kimyakimya.

Namba za simu nazo ni vivyo hivyo. Tangu 2019 Kenya ina laini zinazoanza na 01, lakini bado utakuta fomu inayodai 07 tu. Mtu mmoja huanza na sifuri, mwingine na +254, mwingine na 254 bila alama ya kujumlisha, mwingine huacha nafasi katikati kwa sababu ndivyo anavyoikumbuka namba yake. Mandera, ambako mji wa Bula Hawa wa Somalia uko ng'ambo tu ya mpaka, wapo wanaotembea na laini ya +252 mfukoni. Skripti nzuri haidai kwamba lazima fomu iikubali laini hiyo. Inadai kwamba ikiikataa, itoe sababu kwa maneno ambayo mtu ataelewa, na isifute yale mengine yote aliyokwisha kujaza.

Hata hivyo, majina ndiyo yanayonionyesha haraka kiwango cha mjaribu. Msomali huitwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Hakuna jina moja la ukoo linalobebwa na nyumba nzima, wala mke habadili jina akiolewa, hivyo fomu inayolazimisha jina la familia tayari imekosea kabla mtu hajaandika kitu. Mohamed, Mohammed na Mahamed yanaweza kuwa jina la mtu mmoja katika karatasi tatu tofauti. Juu ya hayo, waliozaliwa malishoni, na wakimbizi wengi vilevile, wameandikiwa tarehe ya kuzaliwa 1 Januari kwa sababu mwaka ndio uliojulikana. Kwa hiyo mimi hutafuta jozi hii katika data ya skripti: watu wawili wenye majina matatu yaleyale, wote wa 1 Januari 1960, namba za vitambulisho tofauti. Mfumo lazima uwaache wawe wawili. Kisha jozi ya pili iliyo kinyume: mtu mmoja, kitambulisho kimoja, jina lililoandikwa kwa tahajia mbili. Huyo lazima abaki mmoja. Nikizikuta jozi zote mbili, huwa nimekwisha kumheshimu aliyeandika hata kabla sijaendesha chochote.

Huku kwetu jambo hili halikomei kwenye unadhifu wa jedwali. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilifunguliwa 1991, na nyakati za ukame familia za Wakenya wa jirani ziliandikishwa humo ili zipate chakula na matibabu. Watoto wao walipofikia umri wa kuchukua kitambulisho, alama zao za vidole zikajitokeza katika orodha ya wakimbizi, nao wakanyimwa. Makadirio yanayotajwa sana ni watu wapatao 40,000. Hilo lilikuwa suala la sera, na hakuna skripti ambayo ingelitatua, lakini linamwonyesha mjaribu uzito wa neno "rudufu" linapowekwa kando ya jina la mtu katika kaunti hizi.

Sasa tafuta amri ya kulala. Mwandishi mvivu huiambia skripti ikae sekunde tano, kisha ibofye. Penye intaneti ya kasi ukurasa hufunguka kwa sekunde mbili, na tatu zilizobaki zinapotea bure katika kila hatua. Nenda nayo Hulugho au Liboi, ambako mtandao huja na kuondoka, na minara ya simu ya maeneo ya mpakani imewahi kulipuliwa na Al-Shabaab zaidi ya mara moja: sekunde tano hazitoshi, skripti inaanguka ilhali programu haina kosa. Mwenye skripti ataongeza ziwe kumi, halafu ishirini. Fundi huandika kile anachokisubiri, si muda: subiri mpaka kitufe kionekane na kiweze kubofywa, na zikipita sekunde thelathini kata tamaa na useme ulikuwa ukisubiri nini. Kati ya vyombo vya kuandikia skripti hizi, Selenium ina amri za kufanya hivyo, na Playwright husubiri yenyewe kabla ya kubofya.

Kusubiri vizuri ni nusu tu ya kazi. Uliza kama skripti imewahi kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi, maana Chrome inaweza kuamriwa kufanya hivyo, na kukata mawasiliano hasa pale ombi linapotumwa. Mtumiaji halisi, ukurasa ukiganda, hubofya "Tuma" mara ya pili na ya tatu. Maombi mangapi yameingia? Malipo mangapi? Ujumbe wa M-Pesa unaoomba namba ya siri ukimfikia mtu kwa kuchelewa, akaubonyeza baada ya muda wake kwisha, ukurasa unamwambia nini? Safaricom ina mazingira ya kujaribia katika huduma yake ya Daraja, kwa hiyo kisingizio cha kutolijaribu hilo hakipo. Skripti moja inayobofya mara mbili kwenye mtandao mbovu naithamini kuliko ishirini zinazoingia na kutoka kwenye akaunti.

Tazama pia jinsi inavyotafuta vitu kwenye ukurasa. Ukikuta mstari kama huu: /html/body/div[3]/div[2]/form/table/tbody/tr[4]/td[2]/input, ujue kazi ni ya muda. Maana yake ni sanduku la tatu, ndani yake la pili, safu ya nne, chumba cha pili. Siku ofisi itakapobandika juu ya ukurasa tangazo la sikukuu ya Idd, masanduku yatasogea na skripti nzima itapotea njia. Afadhali itafute kisanduku kwa lebo anayoiona msomaji, au kwa alama maalumu iliyofichwa kwa ajili ya majaribio. Mafundi hubishana kuhusu hizo mbili. Mimi napendelea lebo, kwa sababu skripti inayokipata kisanduku kwa lebo inathibitisha pia kwamba kipofu anayetumia kisomaji cha skrini atakipata. Ila tovuti ikiwa na Kiswahili, Kiingereza na Kisomali, lebo hubadilika kwa kila lugha, na hapo alama iliyofichwa ina nafasi yake. La muhimu ni kwamba anwani hizi za kutafutia vitu zikae mahali pamoja, ili ukurasa ukibadilika urekebishe faili moja, si arobaini.

Chombo chenyewe kisikushughulishe sana. Selenium ilianzishwa 2004 na Jason Huggins katika kampuni ya ThoughtWorks huko Chicago, ili kujaribu mfumo wa ndani wa saa za kazi na matumizi ya safari; Playwright ililetwa na Microsoft mwaka 2020. Nimeona kazi safi na kazi chafu katika zote mbili.

Kigeugeu usimvumilie. Skripti inayopita asubuhi na kuanguka jioni, wakati hakuna kilichobadilishwa, inawafundisha watu kupuuza nyekundu. Hata wakubwa wanasumbuka na tatizo hili: mwaka 2016 Google walieleza kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha ugeugeu. Dawa ya wengi ni kuiambia skripti ijirudie mara tatu na kuhesabu ile iliyopita. Ukiukuta mpango huo, uliza unaficha nini. Mara nyingi sababu ni skripti zinazotegemeana, ya saba ikimtumia mteja aliyesajiliwa na ya tatu. Ziendeshe kwa mpangilio wa kinyume, kisha uziendeshe mara mbili mfululizo bila kusafisha kitu. Zilizoandikwa vizuri hazitahisi tofauti.

Na ikianguka, inasema nini? "Kosa katika mstari wa 212" haimsaidii mtu. Nataka nisome kwamba ombi la mkazi wa Wajir lilitarajiwa kuonyesha 008 likaonyesha 0, pamoja na picha ya skrini ya wakati huohuo. Picha hiyo iwe ya skrini nyembamba ya simu, upana wa pikseli 360 hivi, maana wengi huku huingia mtandaoni kwa simu, si kwa kioo kipana cha ofisini. Kitufe kilichozibwa na kibodi ya simu hakionekani kamwe kwenye laptopu. Na wapo wanaotumia Opera Mini, ambayo huupitisha ukurasa kwenye seva zake na kuubana kabla haujafika. Hapo simu halisi na kidole vinashinda skripti yoyote, na mjaribu mwaminifu atakuambia hivyo mwenyewe.

Kosa moja nalihesabu kuwa la kumfukuzisha mtu kazi: kuchukua orodha ya watu halisi, majina na namba za vitambulisho, na kuitumia kama data ya majaribio. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, mkimbizi wa kambi ya Hagadera hakutoa alama zake za vidole ili zikae kwenye laptopu ya mtu anayejifunza Selenium. Data itungwe, na ifanane na watu wa hapa bila kuwa wao.

Kwa anayeajiri, neno langu ni hili: usimlipe mjaribu kwa idadi ya skripti. Mpe fomu moja uliyoificha kasoro tatu, simu ya bei nafuu na siku nzima ya kazi. Akizipata mbili, na skripti zake zikaeleza kwa Kiswahili kinachoeleweka zilichokiona, mwajiri. Akikuletea skripti sabini na kasoro zote tatu bado zimo, mrudishie nauli yake na utafute mwingine.