Beringi Iliyoganda: Kwa Nini Joto Hushinda Nyundo

Beringi ya tela ikiganda kwenye ekseli, karakana nyingi huanza kwa kutafuta nyundo kubwa kuliko ile iliyokuwapo. Njia hiyo huzaa matunda mara chache, na mara hizo chache ndizo zinazosimuliwa. Lakini ukitazama kinachobaki baada ya kazi, yaani ncha ya ekseli iliyochubuka, habu yenye ufa na uzi wa nati uliolala, utaona kwamba gharama kubwa ilitoka kwenye nyundo, na beringi yenyewe ilikuwa sehemu ndogo tu ya hasara. Kwa mazingira ya Kibiti na delta ya Rufiji, kazi hii inapaswa kufuata utaratibu mwingine: kwanza fundi ajue kilichogandana na nini, kisha atumie tofauti ya joto kuvitenganisha, na nguvu ije mwisho, ikiwa kidogo na ikielekezwa mahali pamoja.

Sababu ya kusema hivyo iko kwenye njia zenyewe. Kati ya Bungu, Kibiti na Ikwiriri matela hubeba mpunga, korosho, nazi na ufuta. Lami ya kwenda kusini inavuka mto kwenye Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, lakini mzigo hautoki kwenye lami; unatoka mashambani, kwenye udongo mzito wa bonde la mafuriko. Upande wa Nyamisati, chumvi ya bahari hupanda na mikono ya mto kila maji yanapojaa, na wakati wa bamvua hufika mbali zaidi. Tela likikimbia na mzigo, habu hupata moto na hewa iliyomo ndani hutanuka, nyingine ikatoka kupitia sili. Tela hilohilo likiingia majini habu hupoa ghafla. Hewa ya nyuzi joto 80 ikishuka hadi nyuzi 28 hupoteza karibu asilimia 15 ya mgandamizo wake, na pengo hilo linatosha kuvuta maji kupita kwenye sili iliyochoka hata kama maji ni ya kina kifupi. Hivyo habu hunyonya maji yenyewe, na yakiwa ya chumvi, kutu huanza hata kabla tela halijarudi nyumbani. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, yaliacha udongo na maji katika kila chombo kilichozama.

Kutu ndiyo kiini cha tatizo, kwa kuwa huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Kwenye matela mengi pete ya ndani ya beringi imetengenezwa iingie kwenye ekseli na kutoka kwa mkono. Nafasi kati yake na ekseli ni sehemu ndogo sana ya milimita. Kutu ikijaa humo, pete hubanwa kuzunguka mwili wake wote. Chanzo cha pili ni joto la msuguano: grisi imekwisha, rola zimekwama, pete imezunguka juu ya ekseli hadi vyuma viwili vikashikana. Vyanzo hivi huacha alama tofauti, na fundi anapaswa kuzisoma kabla hajagusa chombo chochote. Grisi nyeupe kama tui ni dalili ya maji. Michirizi ya kahawia inayotoka chini ya sili ni kutu. Rangi ya buluu kwenye chuma inaeleza kwamba joto lilifika karibu nyuzi 300, na hapo ekseli yenyewe lazima ichunguzwe. Kuna pia gurudumu lisilotoka ingawa beringi ni nzima: viatu vya breki vimeshika ukingo uliolika ndani ya dramu. Anayepiga habu ya namna hiyo anapigana na breki, na dawa yake ni kulegeza kirekebisho cha breki tu.

Tuchukue hali iliyo ya kawaida zaidi: habu imetoka, lakini pete ya ndani imebaki kwenye ekseli. Ardhi ya bonde ni laini, kwa hiyo jeki iwekwe juu ya ubao mpana, magurudumu mengine yazuiwe kwa mawe, na ekseli ikae juu ya stendi. Gurudumu lenye tairi liwekwe mbali kabisa. Kupasha moto habu au rimu ambayo bado ina tairi lenye upepo ni hatari ya kuua, kwa sababu tairi linaweza kulipuka kutokana na joto la ndani bila hata moto kuligusa. Kutu ilainishwe kwa mafuta mepesi, yaachwe yapenye, kisha yafutwe yote kabla ya moto kukaribia. Pula ikipata pa kushika nyuma ya pete, ikazwe hadi iwe na mvuto, halafu isimame hapo. Wengi hukosea hatua hii kwa kuendelea kukaza hadi makucha ya pula yanavunjika, wakati mvuto huo ulihitaji kusaidiwa na joto tu.

Hesabu yake si ngumu. Chuma cha kawaida hutanuka kidogo kwa kila nyuzi, takriban sehemu 12 katika milioni. Pete yenye tundu la milimita 45, ikiwa na joto la nyuzi 150 zaidi ya ekseli iliyomo, hupanuka kwa takriban milimita 0.08. Hicho ni kipimo kikubwa kuliko mbano wa kawaida wa beringi, na mara nyingi kinatosha kuvunja mshiko wa kutu. Maneno ya kuzingatia hapo ni “zaidi ya ekseli”. Fundi akiweka moto mahali pamoja kwa muda mrefu, ekseli nayo hupanda joto, vyote viwili hutanuka pamoja na faida yote hupotea. Kwa hiyo ncha ya moto izungushwe haraka kwenye pete peke yake, huku ekseli ikifungwa vitambaa vilivyolowa maji. Pula iliyokwisha kuvutwa itaonyesha yenyewe wakati pete inapoachia.

Isipoachia, basi pete ikatwe. Ondoa kizimba na rola, kisha kwa grenda chora mkato wa mshazari juu ya pete na usimame kabla diski haijagusa ekseli, ukiacha ukuta mwembamba kama ukucha. Weka tindo ndani ya mkato na upige pigo moja. Chuma cha beringi kimefanywa kuwa kigumu sana, na ugumu huo humaanisha kwamba hupasuka badala ya kupinda. Pete hufunguka kwa mlio mkali na mshiko wote huisha hapohapo. Kwa sababu hiyohiyo vipande vyake huruka kama risasi, na miwani ya kinga ni sharti la kazi.

Ndani ya habu kuna kikombe cha nje cha beringi, nacho, tofauti na pete ya ndani, hubanwa kwa makusudi tangu kiwandani. Habu nyingi zina mapengo mawili ya kupitishia nondo ili kikombe kigongwe kutoka nyuma, upande huu na upande ule kwa zamu. Pale ambapo kutu imeziba mapengo hayo, mchomeleaji huchora mshono mmoja wa welding kuzunguka uso wa ndani wa kikombe na kuuacha upoe. Mshono unapopoa husinyaa, hukivuta kikombe kuelekea katikati, na mara nyingi kikombe huanguka chenyewe habu ikigeuzwa. Waya wa ardhi wa mashine ufungwe kwenye habu hiyohiyo, ili umeme usipite kwenye beringi nyingine ukazitoboa vidoadoa.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba moto huharibu ekseli. Ni kweli, moto usio na mipaka huilegeza; chuma kikianza kuwa chekundu, kazi imeshaharibika. Lakini joto linalohitajika hapa liko mbali sana na wekundu, na beringi inayopashwa ni ya kutupwa. Kikwazo cha pili ni vifaa: si kila kijiji kina gesi. Njia ya kukata inahitaji grenda na jenereta tu, na pula inaweza kuazimwa. Wengine husema ni afadhali kupeleka tela zima Dar es Salaam. Kulivuta tela lenye gurudumu bovu zaidi ya kilomita 100 ni kuongeza ubovu, na historia ya delta yenyewe inafundisha njia nyingine. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha humo ikiwa na mitambo mibovu. Sehemu zilizohitaji ukarabati zilifunguliwa, zikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za watu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha zikarudishwa, huku meli ikibaki mtoni. Kazi ya tela ifuate mgawanyo huo: pete ya ndani itolewe palepale tela lilipo, na habu peke yake ibebwe kwenda kwa mchomeleaji.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi, kwamba utaratibu huu unachukua muda na mzigo unasubiri. Muda huo ni mfupi kuliko wa kutafuta ekseli nyingine, ambayo wilayani mara nyingi lazima iagizwe. Tena kazi haiishii kwenye kutoa. Pete na kikombe vibadilishwe pamoja kwa kuwa vimetengenezwa vikae pamoja, sili ya zamani isirudishwe, na grisi iwe ile inayostahimili maji, ijazwe baada ya ile ya zamani kusafishwa yote. Nati ikazwe huku gurudumu likizungushwa, kisha ilegezwe kidogo ili beringi ipate nafasi, na pini iwe mpya. Dereva naye ana wajibu wake: kabla ya kuingia majini, asimame hadi habu ipoe kiasi cha kushikika kwa kiganja. Wenye matela wa Kibiti na Rufiji, fungueni habu zenu baada ya kila masika na kila tela linapozama kwenye maji ya chumvi, hata kama gurudumu linazunguka vizuri. Sili mpya ni rahisi kuliko beringi, na beringi ni rahisi kuliko ekseli.