Fundi wa Miraba

Mchoraji Josef Albers alianza kupaka miraba mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 62, na hakuacha mpaka kifo kilipomkuta mwaka 1976. Picha hizo zinapita 2,000. Kila moja ina miraba mitatu au minne, mmoja ndani ya mwingine, basi. Wapo wanaosema kazi hiyo hata mtoto angeiweza. Haya, mtoto na aanze na ubao.

Ubao wenyewe ni hadibodi, ile inayouzwa madukani kwa mafundi wa kawaida. Albers aliupaka rangi nyeupe mkono juu ya mkono, mara sita au zaidi, kisha akachora mistari myembamba kwa penseli. Rangi aliitoa kwenye tyubu na karibu kila mara aliipaka vilevile, bila kuichanganya, akiitandaza kwa kisu. Mraba mmoja haukupanda juu ya mwingine: kila rangi ilikaa juu ya nyeupe yake na kuishia pale jirani yake inapoanzia. Ukisogea karibu unaona mpaka unayumba kidogo, kama mkono wa binadamu unavyoyumba. Nyuma ya ubao aliandika jina la kila rangi na la kampuni iliyoitengeneza. Aliyewahi kuziba kiraka cha ukuta kwa kopo la kampuni nyingine anajua kwa nini.

Alianzia katikati, akatoka nje. Hilo alilirithi kwa baba yake, Lorenz, fundi wa nyumba mjini Bottrop, Ujerumani, aliyekuwa akipaka rangi, akiranda mbao na kufunga mabomba. Mlango, alimfundisha mzee, hupakwa kuanzia katikati ili michirizi uidake njiani na mikono ya shati ibaki safi. Naona somo hilo lilimfaa Albers kuliko mengi aliyosomea baadaye.

Na alisoma sana. Alipoingia shule ya sanaa ya Bauhaus mjini Weimar, mwaka 1920, hakuwa na fedha za vifaa, akawa anakwenda jalalani na nyundo na mfuko mgongoni kuokota vipande vya chupa, akaviunganisha kuwa picha za kioo. Akapanda hadi kuwa mwalimu hapo hapo. Mwaka 1933 Wanazi waliibana shule hiyo mpaka ikafungwa. Mkewe Anni, mfumaji hodari, alitoka katika familia ya Kiyahudi. Kubaki kungekuwa hatari. Novemba mwaka huohuo wakatua Marekani, kwenye chuo kichanga cha Black Mountain, North Carolina, mume akiwa na Kiingereza cha kubahatisha. Miongoni mwa wanafunzi waliopita mikononi mwake hapo ni wasanii Ruth Asawa na Robert Rauschenberg. Mwaka 1950 akahamia Chuo Kikuu cha Yale.

Miraba yake haikai katikati kabisa. Imesukumwa chini kwa hesabu: ukingo wa chini ukiwa sehemu moja, wa pembeni ni mbili kila upande, wa juu tatu. Ndiyo maana haitulii machoni. Mara inaingia ndani, mara inakujia. Karakana yake aliiwekea taa za mwanga wa joto na za mwanga wa baridi, maana rangi iliyokubali chini ya taa moja huweza kukataa chini ya nyingine.

Darasani alipendelea karatasi za rangi kuliko brashi. Mazoezi hayo aliyakusanya kwenye kitabu mwaka 1963, na moja unaweza kulifanya mezani sasa hivi. Kata vipande viwili vidogo vya karatasi moja ya kijivu. Kimoja weka juu ya karatasi nyeusi, kingine juu ya njano. Utaapa ni kijivu mbili tofauti. Vitoe, vilaze pamoja: ni kimoja. Virudishe, vinatengana tena, na kujua kwako siri hakusaidii kitu.