Hadubini ya Fundi: Nafasi Chini ya Lenzi Kwanza, Ukuzaji Baadaye

Kwenye maboksi ya hadubini za dijitali za bei nafuu, namba iliyoandikwa kubwa kuliko zote ni ya ukuzaji: mara 1000, mara 1600, pengine zaidi. Fundi simu wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli, Nairobi, anayetaka kuona vizuri miguu ya aisi huanzia hapo, kwa kuwa ndicho anachoonyeshwa na muuzaji. Hoja yangu ni kwamba kwa kazi ya kulehemu namba hiyo haina la kumwambia. Yanayoamua kama chombo kitafaa mezani ni mawili: nafasi iliyopo kati ya lenzi na bodi, na wepesi wa picha kufika kwenye skrini.

Katika hadubini inayoonyesha picha kwenye skrini, ukuzaji ni hesabu ya kugawanya tu: upana wa picha kwa upana wa eneo linalopigwa picha. Skrini ya inchi 7 ina upana wa milimita 155 hivi. Ikionyesha eneo la bodi lenye upana wa milimita 20, kitu kimekuzwa karibu mara 8. Ihamishie picha hiyohiyo kwenye skrini ya inchi 24, yenye upana wa milimita 531, na ukuzaji unapita mara 26, ilhali lenzi haijaguswa wala hakuna jambo jipya lililoonekana. Sasa igeuze hesabu. Ili skrini ya inchi 7 ikuze mara 1000, eneo lote linaloonekana lisizidi milimita 0.155. Kapasita ya saizi ya 01005, ambayo ni kama chembe ya vumbi, ina urefu wa milimita 0.4 na upana wa 0.2, hata upana wake usingeenea kwenye picha. Tena, kila moja ya pikseli 1920 ingebeba mikromita 0.08 tu, wakati tangu Ernst Abbe aeleze mpaka wa mwanga mwaka 1873 inajulikana kwamba hata lenzi bora za kawaida hukwama karibu na mikromita 0.2. Namba ya kwenye boksi inapatikana kwa kuitanua picha, si kwa kuona zaidi.

Mahitaji halisi ya fundi ni madogo kuliko hayo. Eneo la milimita 20 likigawanywa kwa pikseli 1920, kila pikseli inabeba mikromita 10 hivi. Kapasita ya 0402, yenye urefu wa milimita 1, inapata pikseli 96. Miguu ya aisi iliyopishana kwa milimita 0.4 inapata pikseli 38 kutoka katikati ya mguu mmoja hadi katikati ya mwingine. Hiyo inatosha kuona risasi iliyounganisha miguu miwili pasipotakiwa. Kamera yenye pikseli 1920 kwa 1080 za kweli inamaliza kazi. Tahadhari ni kwa zile zinazojitapa kwa megapikseli 12 kumbe kihisio chake kina 2 tu, na zilizobaki zimejazwa na programu kwa kukisia.

Fedha iliyookolewa hapo iende kwenye nafasi. Hadubini za mfano wa kalamu huona vizuri zikiwa karibu mno na bodi. Hakuna pa kupitisha kibano wala ncha ya moto ya kulehemu, na moshi wa fluksi unatua moja kwa moja kwenye kioo. Zinafaa kukagua kazi iliyokwisha. Kwa kulehemu, tafuta nafasi ya sentimita 10 au zaidi. Halafu pima ucheleweshaji. Kamera ya fremu 30 kwa sekunde hutoa picha mpya kila milisekunde 33. Fremu tatu zikirundikana kwenye kompyuta, sehemu ya kumi ya sekunde imeshapotea, na mkono unaanza kufuata picha ya mahali ulipokuwa. Ndiyo maana kamera inayopeleka picha skrini moja kwa moja kwa kebo ya HDMI, hasa ya fremu 60, ina thamani kuliko ya USB yenye pikseli nyingi.

Wako watakaosema hadubini ya macho mawili inashinda zote. Ni kweli: haicheleweshi, na inampa fundi kina, hivyo anajua ncha iko juu ya mguu au imeshaugusa. Mwenye uwezo wa kuinunua na mwenye kazi ya kutwa nzima ainunue. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya dijitali, nayo haimwonyeshi mteja ufa ulipo wala haimsaidii mwanafunzi aliyesimama pembeni. Kina kinachokosekana kwenye skrini hufidiwa kwa kiasi na taa mbili za ubavuni, kwa kuwa kivuli cha ncha huikaribia ncha yenyewe kadiri inavyoshuka. Taa ya duara kuzunguka lenzi hufuta kivuli hicho na kuifanya risasi ing'ae hadi isomeke vibaya.

Kwa hiyo, dukani, omba chombo kiwashwe. Weka rula chini ya lenzi na uhesabu milimita zinazoonekana, kisha pitisha kibano na utikise mkono huku ukitazama skrini. Gonga meza uone kama stendi inatetemeka. Chombo kikishindwa hapo, kirudishe, hata kama boksi lake limeandikwa mara 1600.