Kulifungua Robota: Namna ya Kupima Kazi ya Watafiti

Mteuzi wa tumbaku anayeijua kazi yake haridhiki na majani ya juu ya robota. Hutia mkono katikati, huvuta jani lililofichika, hulitandaza kwenye mwanga na kulitazama rangi, unene na unyevu, ndipo hutaja daraja. Wakulima wa Kaliua na Urambo wanajua kwa nini hufanya hivyo: juu ya robota hapakosi kupendeza. Ripoti ya utafiti nayo hutufikia imefungwa vizuri. Juu yake kuna majina ya wataalamu, mhuri wa taasisi, na matokeo yaliyoandikwa kwa sauti ya uhakika. Wengi wetu huishia hapo. Matokeo yakitupendeza, tunasema sayansi imethibitisha. Yakituudhi, tunasema wataalamu wamenunuliwa. Hukumu zote mbili zimetolewa kabla mkono haujaingia ndani. Kipimo ninachokitetea hapa ni kingine. Utafiti bora haujulikani kwa usafi wa moyo wa mtafiti, wala kwa cheo chake, wala hata kwa jibu lake kutokea kuwa sahihi. Hujulikana kwa jinsi ulivyoachwa wazi, ili mtu mwingine, hata hasimu wake, aweze kuonyesha mahali ulipokosea. Na nchi hii ya magharibi, kutoka Tabora kupitia Kaliua hadi Ujiji, imetuachia ushahidi mwingi wa jambo hilo.

Tuanze na maji yanayochemka. Novemba 1857 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kazeh, penye Tabora ya leo, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Februari 1858 walikuwa wamelifikia Ziwa Tanganyika, na vifaa vyao vingi vilikuwa vimevunjika au kuharibika njiani. Kazi ya kupima ilikuwa ya Speke, na namna ya kujua ziwa liko juu ya bahari kiasi gani ilikuwa rahisi: unachemsha maji, unatumbukiza kipimajoto, unasoma. Kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Lakini urahisi huo una hatari yake. Kipimajoto kikipotoka kwa digrii moja tu ya Fahrenheit, mwinuko unapotoka kwa zaidi ya futi 500. Ziwa Tanganyika likaandikwa kuwa na mwinuko wa futi 1,850. Leo tunajua ni futi 2,530 hivi, yaani kosa la zaidi ya mita 200. Mwezi Agosti mwaka huohuo Speke alikwenda peke yake hadi ncha ya kusini ya Nyanza (Ziwa Viktoria), karibu na Mwanza, na hesabu ya huko ikatoa futi 3,750 hivi. Vipimo vya leo vinasema karibu futi 3,720. Mtu mmoja, mbinu moja, safari moja: ziwa moja limepimwa vibaya mno, la pili limepimwa kwa usahihi wa kustaajabisha.

Msomaji aliyekuwa London mwaka 1859 angejuaje ipi kati ya namba hizo aiamini? Kwa kumtazama Speke usoni asingejua, maana Speke hakudanganya mahali popote. Kwa kuzitazama namba zenyewe asingejua pia. Namba mbovu na namba nzuri huandikwa kwa wino uleule. Alichohitaji ni yale yanayozizunguka: kifaa kilikuwa kipi, kilikaguliwa lini na dhidi ya kifaa gani kingine, kipimo kilirudiwa mara ngapi, na matokeo hayo yalitofautianaje. Ndiyo maana, katika ripoti yoyote, ningemshauri msomaji aanze na sehemu inayoeleza kazi ilivyofanyika, hata kama imewekwa nyuma kwa herufi ndogo. Namba isiyo na maelezo ya kipimo chake haina daraja. Haijawa mbaya, haijawa nzuri, haijapimika tu.

Hapa huja pingamizi la kwanza, na lina nguvu. Speke alipoiona Nyanza tarehe 3 Agosti 1858 alitangaza kwamba ndiyo chanzo cha Nile, akiwa ameona maji ya kusini tu. Julai 1862 alisimama Jinja, mto unapotoka ziwani, na mwaka 1875 msafiri Stanley alilizunguka ziwa lote na kumthibitisha. Basi si alikuwa sahihi? Alikuwa sahihi. Lakini mwaka 1858 mahali mto unapotokea palikuwa zaidi ya kilomita 300 kaskazini ya pale aliposimama, na hakuwa na njia yoyote ya kumtofautishia msikilizaji wake kati ya ugunduzi na bahati njema. Burton alipomkatalia alikuwa na haki kamili, ingawa jibu la Burton mwenyewe, tutakaloliona mbele, lilikuwa kosa. Jambo hili ni gumu kumeza, nami nalisisitiza kwa sababu hapa ndipo wasomaji wengi hujikwaa: kazi dhaifu inaweza kuzaa jibu la kweli, na kazi nzuri inaweza kuzaa jibu litakalopinduliwa baadaye. Anayesifu utafiti kwa kuwa ulipatia, bila kuuliza ulipatiaje, kesho atakuwa mteja wa mpiga ramli.

Jambo la pili la kuangalia ni habari imepita midomo mingapi. Speke hakujua Kiarabu wala Kiswahili. Alizungumza Kihindustani na mkalimani wake Sidi Mubarak Bombay, Bombay akauliza kwa Kiswahili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, mara nyingi likipitia lugha nyingine tena ya wenyeji. Burton aliushambulia mnyororo huo, na hakukosea kuutilia shaka. Lakini tusitoke hapa na dharau ya zamani kwamba neno la mdomo si ushahidi. Mwaka 1856 huko Ulaya ilichapishwa ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann iliyoyaunganisha maziwa yetu kuwa bahari moja kubwa ya ndani. Aliyewasahihisha Burton na Speke alikuwa Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa Kazeh, aliyewaeleza kwamba ni maziwa mbalimbali na kwamba la kaskazini ni kubwa kuliko la Ujiji. Alikuwa na habari za watu waliokwenda na kurudi. Kwa hiyo swali la haki si kama shahidi ni msomi au mchuuzi. Swali ni kama alikuwapo, kama maneno yake yaliandikwa yalivyosemwa, na kama mtafiti ametuonyesha mnyororo mzima au ametupa kiungo cha mwisho tu.

Mto Rusizi unaonyesha mnyororo unavyoweza kukatwa makusudi. Mwaka 1858 Burton na Speke walipanda mitumbwi hadi Uvira, kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na huko wakaambiwa waziwazi kwamba Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Hawakufika kwenye mto wenyewe. Burton aliyakubali maelezo hayo kwa masikitiko. Miaka sita baadaye, ugomvi wake na Speke ulipopamba moto, aliandika kwamba Rusizi hutoka ziwani kwenda kaskazini, kwa sababu sasa alihitaji Tanganyika iwe hifadhi ya Nile. Hakuna aliyekuwa amerudi kuutazama mto. Ushahidi ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni haja ya mwenye hoja. Novemba 1871 mmisionari Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi kaskazini ya ziwa na kuuona kwa macho yao ukiingia. Ukitaka kujua kama mtafiti anaongozwa na haja yake, usipekue moyo wake. Tazama kama hukumu yake imehama bila ushahidi mpya kuja.

Na haja yenyewe si dhambi. Livingstone, aliyekaa Kwihara karibu na Tabora mwaka 1872 akingoja wapagazi, alitamani kwa moyo wote mto Lualaba uwe Nile. Alikosea, na alikufa Mei 1873 akiwa bado anautafuta uthibitisho. Hata hivyo namweka juu kuliko Burton kwa kipimo hiki, kwa kuwa aliandika hata wasiwasi wake kwamba huenda anaufuata mto Kongo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron, aliyepitia njia hiihii ya Tabora na Ujiji, alifika Nyangwe, akapima mwinuko wa Lualaba, akakuta uko chini kuliko Nile ulivyo kule Gondokoro. Maji hayapandi mlima. Agosti 1877 Stanley alitokea karibu na Bahari ya Atlantiki baada ya kuufuata Lualaba. Wanaosema hakuna utafiti usioegemea upande, kwa kuwa kila mtafiti ana lake, wanasema kweli nusu. Wasafiri wale wote walikuwa na lao: sifa, dini, uhasama, taifa. Lakini waliweka namba na maelezo ambayo wenye haja tofauti waliweza kuyapima upya, na katika miaka 20 swali lililobishaniwa kwa karne nyingi likafungwa. Kutoegemea upande kulipatikana katika mfumo wa kazi, ambamo kosa la mmoja lilikuwa faida ya mwenzake.

Sasa tazama kinachotokea mfumo huo ukiwekwa pembeni. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa tawi la Unilever na kuishi kwa biashara ya mafuta, alipeleka wazo la kulima karanga Afrika Mashariki kwa mashine. Serikali ikatuma watu watatu wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuongoza kilimo Tanganyika. Mmoja wa wenzake alitoka katika kampuni hiyohiyo. Walizunguka kwa wiki tisa hivi, kisha wakapendekeza ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika, na Urambo ikiwa mojawapo ya maeneo yaliyochaguliwa. Makisio yalikuwa pauni milioni 25. Kampuni iliyoleta wazo ndiyo iliyopewa kuusimamia mpango hadi mwaka 1948. Kongwa, palipoanzwa, hapakuwa na kumbukumbu ndefu za mvua za kutegemea, na udongo wake mvua ikikatika hukauka na kushikamana kama saruji, karanga zikiwa zimenasa ndani. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000. Zilizopandwa ni 7,500 hivi. Januari 1951 serikali ilitangaza kuuacha mpango, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 36.

Kosa la wataalamu wale halikuwa ujinga. Ronald Fisher, aliyeanza kazi kituo cha Rothamsted Uingereza mwaka 1919, alikwisha kufundisha namna ya kulijaribu shamba: ligawe viraka vingi, piga kura kipi kipewe nini, rudia, acha viraka visivyopewa kitu ili ulinganishe, ndipo ujue kama tofauti imetokana na pembejeo au na udongo tu. Kitabu chake kuhusu majaribio kilitoka mwaka 1935. Elimu ilikuwapo miaka 11 kabla. Lilipotolewa shauri la kuanza na shamba dogo la majaribio, lilikataliwa, kwa hoja kwamba njaa ya mafuta haingoji. Ndilo pingamizi linalorudi kila penye dharura, katika maradhi na katika ukame, nami silidharau. Kuna nyakati ambapo kungoja uhakika ni kuacha watu wafe. Lakini dharura hupunguza muda wa kutafuta ushahidi; haiongezi ushahidi ulionao. Mwenye haraka aseme wazi: tunabahatisha, hiki tunakijua, hiki hatukijui, na ikionekana kadha wa kadha tutasimama. Ripoti ya karanga iliyavika makisio sura ya hesabu. Mvua ya Urambo ni nzuri kuliko ya Kongwa, na ardhi iliyofyekwa kwa karanga ikaishia kwenye tumbaku, zao ambalo leo linalisha nyumba nyingi za Urambo na za Kaliua, wilaya iliyokatwa kutoka kwake mwaka 2012.

Mkulima wa leo huletewa utafiti kwa sura ya shamba darasa. Kando ya barabara, penye kibao, mahindi au tumbaku yamesimama yakipendeza, na afisa wa kampuni ya mbolea anaeleza. Shamba hilo linaweza kuwa la haki kabisa, ila halijathibitisha lolote mpaka lijibu maswali machache. Kiko wapi kiraka cha pili, kilichopaliliwa siku ileile na kupandwa mbegu ileile, bila mbolea hiyo? Nani alichagua kipi kikae upande wa kichuguu, ambako udongo wa miombo huwa na rutuba zaidi? Jaribio limerudiwa katika vijiji vingapi na misimu mingapi, ukiwamo msimu wa mvua haba? Mashamba yaliyoshindwa yako wapi? Swali hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa anayeonyesha mafanikio peke yake amekwisha kukuchagulia majani ya juu. Wanasema mtu wa kawaida hawezi kumhukumu mtaalamu. Kuichambua takwimu hawezi, ni kweli. Lakini hakuna swali hata moja kati ya hayo linalohitaji shahada, na mtaalamu mzuri hufurahi kuulizwa, kwa sababu amekwisha kujiuliza.

Kuhusu anayelipa, nashauri kiasi. Fedha ya kampuni haifanyi utafiti kuwa uongo, na fedha ya serikali haiufanyi kuwa kweli. Mpango wa karanga uliidhinishwa na serikali. Fedha hutuambia tu wapi pa kutia mkono kwanza: aliyelipa angefurahia jibu lipi, na je, jibu lisilomfurahisha lingechapishwa? Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi kiko nje kidogo ya mji wa Tabora. Chama cha msingi kilichopelekewa mbegu au mbolea mpya, kabla hakijawakopesha wanachama pembejeo za msimu mzima, kina haki ya kupeleka maswali yake huko kwa barua, na kudai majibu yenye matokeo ya kila kiraka, pamoja na vile vilivyokufa.