Vitanzi 104

Kofia zetu za zawadi zilikosewa kabla sindano haijashikwa. Zilikosewa mezani, katika kikao cha mwisho, kamati ya kikundi chetu cha kufuma ilipofuta mpango wa saizi tatu na kuamua kwamba kofia zote 60 za wodi ya watoto njiti zifumwe kwa vitanzi 104. Nilipinga siku ile na ninapinga leo: uamuzi ule ulikuwa mbovu, na uliharibu kazi ya wiki mbili ya wanawake 15.

Mengine yalikwenda sawa: uzi ulikuwa laini na unaovumilia kufuliwa, kingo zilifungwa vizuri, mzigo ulifika kabla ya mkesha wa Krismasi. Turudi kwenye vitanzi.

Mpango wa awali tuliutoa wodini. Novemba, wiki ile ya Siku ya Mtoto Njiti Duniani inayoangukia tarehe 17, wawili wetu tulikwenda na futi tukamuuliza nesi wa zamu. Alitupa vipimo vya vichwa: wadogo sentimita 28, wa kati 31 na nusu, wanaokaribia kuruhusiwa 35. Kofia ya kufuma huvutika, kwa hiyo hufumwa pungufu ya kichwa kwa sentimita kama 3 ili ishike. Kwa uzi wetu mwembamba na sindano za milimita 3, sentimita 10 zilibeba vitanzi 28. Hesabu ikatoka yenyewe: vitanzi 70, 80 na 90.

Hivi 104 vilitoka wapi? Vilitoka kwenye kijitabu cha mitindo, ukurasa wa mtoto wa miezi mitatu, ambaye kichwa chake hufika kama sentimita 40. Hoja mbili zilitolewa kuvitetea. Ya kwanza, kofia zikifanana zitapendeza zikipangwa mezani kwa ajili ya picha. Ya pili ndiyo iliyowabeba wengi: "Ikiwa kubwa, atakua nayo." Kila mzazi anaijua kauli hiyo. Ndiyo tunayonunulia sweta za shule kila Januari, mikono ikakunjwa mara mbili mpaka mtoto afike darasa la tatu. Kwa mwanafunzi ni akili. Kwa njiti ni kosa, kwa sababu anayehitaji kofia ni mtoto wa usiku huu. Akitimiza miezi mitatu yuko nyumbani, amenenepa, na khanga ya mama yake inamtosha.

Tulitazame kosa lenyewe kwa karibu. Kichwa cha mtoto mchanga ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na joto jingi hupotelea hapo. Njiti hana akiba ya mafuta chini ya ngozi ya kumsaidia, na joto la mwili wake likishuka chini ya nyuzi 36.5 tayari tunazungumzia hatari. Anapokaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Ukikosea kofia, umekosea theluthi ya nguo zake zote.

Kofia ya vitanzi 104 ina mzunguko wa sentimita 37. Ivishe kichwa cha 28, inabaki nafasi ya sentimita 9. Hewa baridi inaingia pembeni. Mtoto akigeuzwa kunyonya, kofia inateremka: inapita nyusi, inaziba macho, inafika puani. Mtoto wa kilo moja na nusu hawezi kuinua mkono akaiondoa. Kwa hiyo kofia ile, mbali na kutompa joto, ilihitaji mtu wa kumlinda mtoto nayo.

Siku ya kukabidhi niliyaona kwa macho yangu. Wengine wakiwa mlangoni na kamera, nilisimama kando ya kitanda cha mama mmoja mdogo sana wa umri. Nesi alimvisha mwanawe kofia yetu nyekundu, akakunja ukingo mara moja, akakunja tena, akaachia. Ikateleza hadi mdomoni. Akaivua taratibu, akamrudishia ile aliyokuwa nayo, kipande cha soksi ya mtu mzima kilichofungwa fundo juu. Akaniambia kwa upole, "Dada, hizi zenu tutawapa wa wodi nyingine." Kipande kile cha soksi kiliishinda kofia yetu kwa sababu moja: aliyekikata alikuwa amekitazama kichwa cha mtoto.

Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Zawadi ya mkono inaizidi ya dukani kwa jambo moja, nalo ni kipimo. Kofia za saizi moja zimejaa sokoni Kariakoo, zinauzwa kwa dazeni, na mashine inazifuma haraka kuliko sisi sote 15. Mkono unaishinda mashine pale unapofuma kwa ajili ya kichwa fulani. Tulipokiacha kipimo, tuliiacha sababu yote ya kushika sindano. Ingekuwa heri tuchange fedha, tumkabidhi nesi akanunue anachokijua.

Bibi aliyetufundisha kufuma, mkunga mstaafu ambaye sasa ametangulia mbele ya haki, asingekubali hata kikao chenyewe. Kwake hakuna kofia iliyotoka bila kupita kwenye kapu la matunda: chungwa kwa mtoto mdogo kabisa, danzi kubwa kwa wa kati, balungi kwa aliyetimiza miezi tisa tumboni. Kofia ikilegea kwenye chungwa, aliivuta uzi ikafumuka yote mbele yako, hata kama umeifuma usiku kucha. Tulilia, lakini hatukurudia kosa.

Huduma ya kangaruu, ile ya ngozi kwa ngozi, nayo ilizaliwa kwa akili hiyohiyo. Bogotá, mwaka 1978, Dkt. Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi na mashine za kuwatunzia joto chache. Alianza na upungufu wa wodi yake mwenyewe, akawaweka watoto vifuani kwa mama zao. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza huduma hiyo ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Aliyetazama kitanda kwanza ndiye aliyepata jibu.

Nina ugomvi pia na vishada tulivyoviweka juu ya kofia zile. Kishada cha uzi juu ya kofia ya njiti kinaivuta kofia nyuma, kinachelewa kukauka, na nyuzi zake huchomoka. Nina ugomvi na Desemba pia. Njiti hawazaliwi kwa kalenda ya Krismasi. Kofia hulowa, hubadilishwa, hufuliwa, kwa hiyo kila mtoto anahitaji mbili au tatu, na Februari wodi ileile haina mgeni hata mmoja. Fedha zilizochapisha bango letu la siku ya kukabidhi zingenunua uzi wa mwezi huo.

Juzi nilirudi wodini, nikamwomba nesi anipe kofia 12 zilizokuwa hazijavaliwa. Nikazifumua moja baada ya nyingine, nikaukunja uzi, nikapandisha vitanzi 70. Uzi wa kofia moja ya vitanzi 104 umetoa kofia mbili ndogo, bila kuhesabu kishada. Maana yake mzigo tuliouita kofia 60 ungeweza kutoa kofia 120 za wale wadogo kabisa, na sisi tulikuwa na vipimo vyao mkononi tangu Novemba. Zipo 24 mezani kwangu sasa, na kila moja imepita kwenye chungwa.